Rivolva ya Mzee Tluway na Msasa Wangu

Kosa langu kubwa la kwanza kazini lilikuwa usafi. Nilichukua kipande cha msasa, ule laini kabisa, nikakilowesha mafuta, nikasugua rivolva ya watu upande wa kushoto mpaka nikauona uso wangu ndani ya chuma. Uso ulikuwa unatabasamu. Dakika ile ile nilikuwa nimemaliza kufuta mhuri wa mahali ilipotengenezwa na mwaka wake, na hivyo ndivyo vitu viwili nilivyokuwa nimeagizwa nivitafute.

Nimestaafu juzi tu. Vijana wa stoo wameniomba niwaandikie uzoefu wangu wa kazi, na nimekaa siku tatu nikitafuta uzoefu wa kuheshimika. Sijaupata. Kila nikishika kalamu unakuja msasa. Basi nitaanza nao na kumaliza nao. Vyeo nitaviruka kwa kuwa vilikuwa vichache, na mshahara nitauruka kwa kuwa mnaujua.

Niliingia stoo ya silaha mwaka 1979, juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo asubuhi ukungu unaingia ndani kabla ya wafanyakazi. Kilikuwa chumba cha mawe chenye dirisha moja la nondo. Bunduki za askari wa wanyamapori zilisimama ukutani kwa mstari, na mbele yake, juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, alikaa Fundi Mkumbo. Alikuwa Mnyiramba wa Singida. Alikuja Karatu akiwa kijana kuchuma kahawa kwenye shamba la mzungu, akajifunza kutengeneza mashine ya kumenyea kahawa, na kutoka kwenye mashine akahamia bunduki kwa sababu, kama alivyosema, bunduki ina vipande vichache na hainuki.

"Umesomea wapi silaha?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Sijasomea popote, Fundi. Nimesoma kitabu."

"Vitabu vingapi?"

"Kimoja. Na hakina jalada."

Akauliza, "Kina rangi gani?"

"Kurasa zake? Njano."

"Basi jalada lake ninalo mimi. Linaziba upepo dirishani chooni."

Sikujua kama anatania. Baadaye nilikwenda chooni nikahakikisha, na kweli lilikuwa jalada la kitabu cha bunduki, sijui kama ni lile lile. Kitabu changu nilikiokoa kwa muuza chumvi pale sokoni Karatu. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kwa kufungia watu chumvi. Zilizobaki zilikuwa na picha za bunduki na bastola za kila nchi, na maelezo ya Kiingereza ambayo niliyasoma kwa kamusi, neno kwa neno, usingizi ukinikimbia si kwa bidii bali kwa hofu.

Niseme wazi: nilikuwa mwoga. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na niliamini kwamba siku yoyote mtu mwenye cheti angefungua mlango na kuniuliza nafanya nini humo ndani. Kwa hiyo nilijikinga kwa ukamilifu. Nilifunga kufuli, nikaondoka, nikarudi kulitikisa, nikaondoka tena, nikarudi. Askari wa getini walianza kuhesabu safari zangu kwa sauti. Rejesta yangu ya silaha haikuwa na mfuto hata mmoja. Nikikosea herufi, nilinakili ukurasa mzima upya. Na ili nisikosee, sikuandika chochote mpaka nijue kila kitu, mpaka silaha iwe safi, wino uwe mpya, na mikono nimenawa.

Fundi Mkumbo aliniita Daktari. Haikuwa sifa.

Lakini alinifundisha. Alinichongea vijiti vya mzeituni pori vya kupimia tundu la mtutu, kila kimoja na unene wake na alama zake za kisu. Alinionyesha kwamba mhuri uliochakaa ukiupaka chaki kisha ukaifuta juu juu kwa kidole, chaki inabaki ndani ya herufi na chuma kinaanza kusomeka chenyewe. Mimi kwa upande wangu nilileta lenzi iliyotoka kwenye darubini ya mtalii iliyovunjika, na kioo cha kunyolea cha kutazamia chini ya mtutu. Ndevu zangu wakati ule zilikuwa sita, kwa hiyo kioo kilikuwa na nafasi ya kufanya kazi nyingine.

Mwaka 1982 likaja tangazo kwamba kila mwenye silaha ya urithi isiyo na leseni aipeleke ikakaguliwe. Kituo cha polisi cha Karatu hakikuwa na mtu wa kutambua silaha za zamani, wakawa wanatuletea sisi. Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa na mazito kuyabeba. Kama silaha ni ya zamani na risasi zake hazipatikani tena, inaharibiwa isiweze kupiga, kisha inarudishwa kwa familia kama ukumbusho. Kama risasi zake bado zinapatikana, inachukuliwa, na mwenye nayo anakwenda kujieleza mbele ya hakimu.

Jumanne moja, wiki chache kabla ya Pasaka, akaingia Mzee Tluway, mkulima wa kijiji cha Daa. Alikuwa mrefu, amevaa koti zito na blanketi juu ya koti, na mkononi kikapu cha mahindi. Alinisalimu kwa Kiiraqw, "Saita," kisha akahamia Kiswahili cha shule, kila neno likisimama kwa miguu yake. Akatoa mahindi moja moja, akayapanga juu ya meza yangu safi. Chini kabisa ilikuwa rivolva.

"Ni ya baba yangu," alisema. "Alikuwa askari wa Wajerumani katika vita ile ya kwanza."

"Alipewa?" niliuliza.

"Akiwa hajanywa, alisema alipewa. Akinywa, alisema aliokota."

"Na wewe unaitumiaje, mzee?"

Alishtuka kama nimemtukana. "Siitumii! Si yetu. Baba alisema ina mwenyewe, na mwenyewe siku moja atarudi kuiuliza. Akaimiminia nta ya nyuki ikiwa ya moto, yote, ikawa kama mkate. Akaifunga kwenye ngozi ya kondoo, akaiweka darini. Akaniambia, 'Usiifungue. Akija mwenyewe, mpe.' Nimekaa nayo miaka thelathini na minne nikimngoja Mjerumani. Nimeifungua juzi kwa sababu ya tangazo lenu, nta ikapasuka nusu mbili."

Fundi Mkumbo aliacha kuchonga. "Na huyo Mjerumani angekuja leo angekuwa na miaka mingapi?"

"Mia moja na kitu," alisema Mzee Tluway kwa utulivu. "Ndiyo maana naona amechelewa."

Akatuomba jambo moja. Hakuwa na picha ya baba yake, wala kaburi lenye jina. Alikuwa na chuma hicho na ahadi. Kama kingeweza kurudi Daa, hata kikiwa kimekufa, angeshukuru. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwambia hivyo mimi, mtu niliyerudi kutikisa kufuli mara nne kwa siku. Inspekta wa silaha kutoka Arusha alikuwa anakuja Ijumaa, na kazi yangu ilikuwa kumwandalia mahali ilipotengenezwa na mwaka.

Alipoondoka niliiangalia kwa lenzi haraka haraka. Chini ya uchafu wa kahawia, upande wa kushoto juu ya mpini, niliona taji dogo, na chini yake herufi, na chini ya herufi tarakimu, ambazo sikungoja kuzisoma. Mtu mwingine yeyote angechukua penseli. Mimi nilisema: la, rejesta haiandikwi kwa mikono yenye nta. Kesho nitaisafisha vizuri, kisha niandike mara moja, kwa wino, bila kosa.

Kesho yake ndiyo ile ya msasa.

Sikugundua mara moja. Nilipaka chaki, nikafuta kwa kidole. Chaki yote ikatoka. Nikapaka tena. Ikatoka tena. Nikapuliza pumzi ya moto juu ya chuma, maana Fundi alishasema pumzi inaweza kuonyesha kivuli cha mhuri. Nikaona kivuli cha pua yangu.

"Fundi," nilisema, "taji limekwenda wapi?"

Alikuja, akaangalia chuma, akaangalia msasa wenye vumbi la kahawia, akaniangalia mimi. Kisha akakaa chini, si kwenye kreti, chini kabisa sakafuni, akacheka mpaka akatoa machozi. "Daktari," alisema alipoweza, "mgonjwa amepona. Ila amesahau jina lake."

Nilicheka pia. Huo ndio ukweli, nilicheka, kicheko kile cha mtu aliyeona gari likiserereka mteremkoni bila dereva. Halafu nikafungua kitabu.

Umbo lilisema mengi. Silinda ya risasi sita. Kila risasi inaingizwa moja moja kupitia kilango upande wa kulia. Hakuna fimbo ya kusukumia maganda, mpaka uchukue kijiti cha pembeni. Nyundo lazima uivute kwa kidole kila mara. Upande wa kushoto kuna kiusalama kidogo cha kuizuia isipige, kitu cha ajabu kwa rivolva, kama kofia kwa samaki. Mtutu mfupi. Kijiti cha mzeituni kiliingia kwenye tundu na kusimama kwenye alama ya milimita kumi na nusu na kidogo. Vyote vilielekea ukurasa mmoja: bastola ya jeshi la Ujerumani, mfano wa 1883, ambayo risasi zake hazikuwa zikiuzwa tena popote.

Lakini ukurasa uliofuata ulikuwa na dada yake. Zilikuwa nakala zilizotengenezwa baadaye kwa ajili ya maduka, umbo lile lile, nyingine zikibadilishwa zipige risasi ambazo bado zilipatikana. Tofauti, kitabu kilisema, ni mhuri. Yenye taji, mji na mwaka ni ya jeshi. Bila hivyo, huwezi kuapa. Namba iliyobaki kwenye silinda haikunisaidia. Namba bila mji ni kama barua bila anwani.

Na Fundi akaniongezea moja ambalo sikuwa nimelifikiria. Safari hii hakucheka. "Unajua Inspekta ataona nini hapo? Ataona mtu kafuta alama. Wanaofuta alama za silaha ni akina nani?"

Wezi. Majangili. Wakati ule faru walikuwa wanauawa mle ndani ya kreta, na hakuna mkaguzi aliyekuwa na subira na chuma kilichosuguliwa. Mzee Tluway angeulizwa, na Mzee Tluway angesema ukweli, kwamba alikuwa anamtunzia Mjerumani, na mimi nilijua namna ukweli huo ungesikika mbele ya hakimu.

Nilifungua skrubu za mpini ili nitafute alama nyingine yoyote. Ndani pembeni, pale mbao inapokutana na chuma, kulikuwa na kipande cha nta ukubwa wa ukucha. Nilikitoa kwa ncha ya kisu nikitaka kukitupa, maana hata katika msiba wangu sikuvumilia uchafu. Fundi akanishika mkono.

"Kwenye hicho kipande kuna nini?"

Nikaweka lenzi. Kwenye nta kulikuwa na tarakimu mbili, zimeinuka, zimegeuka nyuma mbele. Nikakimbilia kioo cha kunyolea. Kwenye kioo zilisimama sawasawa: ndizo mbili za mwisho za ile namba ya kwenye silinda, zilizogongwa pia chini ya mpini.

Tulitazamana. Nta ya moto ilimiminwa juu ya rivolva yote. Ikapoa ikiwa imeikumbatia. Ikakaa hivyo miaka thelathini na minne.

"Mkate," nilisema.

"Mkate!" alisema Fundi Mkumbo, akanipiga mgongoni nikaangusha kioo, na kwa rehema ya Mungu hakikuvunjika. Nadhani tuliruka. Askari wa getini alisema baadaye kwamba tuliruka, na kwamba mimi nilitoka mbio bila kufunga mlango kabisa, jambo ambalo aliliandika kwenye kitabu chake cha matukio.

Watalii wakati ule walikuwa wa kuhesabu, na petroli ilikuwa ya kuota, lakini Alhamisi asubuhi kombi moja ilikuwa inateremka kwenda Karatu na wazungu wawili wa makamo. Dereva alinipakia nyuma. Mama wa kizungu akaniuliza jambo, dereva akajibu kwa niaba yangu kwa Kiingereza kirefu, na wote wakanitazama kwa heshima.

"Umewaambia nini?" nilimnong'oneza.

"Wameuliza mbona unacheka peke yako. Nimewaambia umemwona chui."

Karatu nikashuka, nikatembea mpaka Daa kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa. Mahindi yalikuwa marefu pande zote na mvua ya usiku imeacha udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu. Nyumbani kwa Mzee Tluway nilimkuta mkewe, Mama Paulina, anapepeta maharage. Mzee alikuwa shambani.

"Shikamoo, mama. Ile nta. Nta iliyokuwa kwenye bastola. Iko wapi?"

"Marahaba. Kwanza kaa."

"Siwezi kukaa, mama."

"Basi simama ukinywa." Akanipa togwa. Ndipo akasema, "Ile nta nimempa katekista. Mafuta ya taa hakuna, mishumaa hakuna, na Pasaka hiyo inakuja. Atayeyusha leo."

Nilimrudishia kibuyu kikiwa kimejaa, jambo la aibu ambalo namwomba radhi mpaka leo.

Kanisa la kigango lilikuwa kwenye kilima cha pili. Moshi niliuona kutoka kilima cha kwanza. Nilipofika, katekista, baba mnene mwenye aproni ya gunia, alikuwa ameinama juu ya sufuria, panga mkononi, na mbele yake juu ya gogo kipande cha nta ya kahawia kama nusu ya mkate.

"Usiyeyushe!" nilipiga kelele. "Baba, usiyeyushe! Ina maandishi!"

Aligeuka polepole na panga lake. "Maandishi ya nani?"

"Ya Wajerumani!"

Akanitazama, nimejaa tope mpaka magotini, nina kioo cha kunyolea mkononi. "Kijana wangu," akasema kwa upole sana, "umekula?"

Ilinichukua muda kumweleza. Nusu ya kulia ilikuwa tayari ndani ya sufuria, inachemka kwa amani. Kwenye gogo ilikuwa nusu ya kushoto, ile ya mhuri, imebaki nzima isipokuwa kona aliyokuwa ameshaikata na kuitumbukiza. Nilipiga magoti. Ndani ya nta ulikuwa umelala mwili wote wa rivolva, shimo lenye umbo lake, hata skrubu zake. Na pale juu ya mpini, yameinuka kama kovu: taji, na chini yake TRUFRE, na chini yake tarakimu zilizogeuka.

Nikaweka kioo. Katekista akaweka kichwa chake kando ya changu, akasoma kwa sauti kama anasoma somo la kwanza: "E-R-F-U-R-T. Moja, nane, tisa..." Akasogeza kioo. "Na ya mwisho?"

Ya mwisho ilikuwa kwenye ile kona.

Tuliangalia sufuria pamoja.

"Ningechelewa kidogo kuamka leo," alisema katekista, "ungekuwa na mwaka kamili." Kisha akanipa nta, kwa sharti. "Ukimaliza kuisoma, irudishe kabla ya Jumapili. Ni mali ya kanisa sasa. Pasaka haimsubiri Inspekta."

Niliibeba nta kwenda Ngorongoro ndani ya majani ya kabichi na gunia lililolowa maji, kwa lori la mbao, nikiwa juu kabisa ya mzigo ili iwe mbali na joto la injini. Nilikuwa nimelowa, natetemeka, na nakumbuka kwamba niliimba. Sikumbuki nyimbo gani. Mwenye lori alisimama mara mbili kuuliza kama niko salama.

Ijumaa Inspekta akaja. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, na hakukaa. Mzee Tluway alikuwa amesimama ukutani na blanketi lake. Fundi Mkumbo yuko kwenye kreti, anachonga. Inspekta akaichukua rivolva, akaipeleka dirishani, na jambo la kwanza aliloliona ni usafi wangu.

"Huu mng'aro wa hapa ni wa nini?"

Akamgeukia Mzee Tluway.

"Mzee, hapa palikuwa na alama. Imefutwa. Unajua kufuta alama ya silaha ni kosa peke yake, hata kama silaha ni ya babu wa babu yako?"

"Mimi nimeitunza kwa nta tu," alisema Mzee Tluway. Hakuniangalia. Mpaka leo sijui kama alikuwa amekwisha kujua. Nadhani alijua. Aliona meza yangu ilivyo.

Nilikuwa nimepanga kuanza na nta. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye kitabu, vijiti na kioo, hotuba nzuri ambayo ndani yake msasa haukutajwa popote. Fundi Mkumbo aliendelea kuchonga, hakunisaidia hata kwa kikohozi.

"Ni mimi, Afande," nilisema.

"Wewe nani?"

"Mimi wa stoo. Nimeisugua mimi, juzi. Kwa msasa."

"Kwa sababu gani?"

"Ilikuwa chafu, Afande."

Inspekta alivua miwani. "Na kabla ya kuisugua uliandika alama?"

"Sikuandika."

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Sasa kwa nini hukuandika?"

"Mikono yangu ilikuwa na nta, Afande, na rejesta ni safi."

Alinyosha mkono. "Lete rejesta." Akafungua, ukurasa baada ya ukurasa, wino wa buluu bila mfuto hata mmoja. Akaitazama muda mrefu kama mtu anayetazama kitu cha kusikitisha. "Lete na msasa." Nikaleta. Ulikuwa bado na vumbi la kahawia. Akaunusa. "Asali," alisema.

Hapo ndipo nilipofungua gunia. Nilimwonyesha nta, akaichukua rivolva mwenyewe na kuishusha ndani ya shimo lake. Iliingia polepole, ikatulia, kama mtoto anavyotulia mgongoni. Hata kiusalama kilipata kitanda chake. Halafu nikampa kioo, na tukajikuta vichwa vinne, Inspekta, Mzee Tluway, Fundi na mimi, tumesongamana juu ya kioo cha kunyolea, kila mmoja akimwambia mwenzake atoe kivuli chake.

"Erfurt," alisema Inspekta. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ya jeshi hii. Mfano wa themanini na tatu. Risasi yake sijaiona tangu niajiriwe, nimeisoma tu." Akageuka kwangu. "Haya, andika."

Nilinawa mikono? Sikunawa. Nilichovya kalamu na kuandika taji, mji, mfano. Nikafika kwenye mwaka, nikasimama.

"Tarakimu ya mwisho haipo, Afande. Ilikuwa kwenye kona. Naweza kurudi Daa nikatafute..."

"Ilikwenda wapi?"

"Iliyeyuka."

"Basi andika iliyeyuka."

"Ndani ya rejesta?"

"Ulitaka niiandike ukutani?"

Niliandika: *189–, tarakimu ya mwisho iliyeyuka, alama kwenye chuma ilifutwa na mtunza stoo.* Nilikuwa nimechovya kalamu mno, na tone la wino likaanguka katikati ya ukurasa, kubwa kama mende. Nilitafuta karatasi ya kukaushia. Inspekta alikwisha kuweka sahihi yake kando ya tone.

Fundi Mkumbo aliitoa ncha ya nyundo, akaziba mtutu kwa ribiti, kazi ya nusu saa. Mzee Tluway alipokea rivolva yake na barua ya Inspekta, akaiweka kikapuni, akapanga mahindi juu yake kama zamani, ingawa sasa hakukuwa na la kuficha. Mlangoni aligeuka.

"Mwenyewe akija," alisema, "nitampa bastola yake. Akiuliza alama iko wapi, nitamwambia aje kwako."

Nta niliirudisha Jumamosi. Katekista aliiyeyusha mbele yangu, na wiki chache baadaye, usiku wa Pasaka, kanisa la Daa likaangazwa na mhuri wa Erfurt. Baada ya hapo ule mhuri haukuwapo tena popote duniani isipokuwa kwenye ukurasa wangu wenye tone.

Kilichobadilika tangu hapo ni hiki. Katika stoo ile kila silaha inaandikwa siku inayoingia, kwa penseli, ikiwa na uchafu wake, kabla mtu hajanawa mikono. Rejesta zangu zote za baada ya hapo zina mifuto, na mahali nisipojua nimeandika sijui. Msasa ukahamishiwa kwenye kabati lenye kufuli. Ufunguo alikaa nao Fundi Mkumbo, na alipostaafu aliukabidhi kwa mtu mwingine.